Mstari wa Penseli Hadi Misri

Kopo lilikuwa la biskuti, lenye picha ya farasi wawili kwenye kifuniko, na Mwalimu Josia Rwegasira alilileta mezani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Akalifungua, akasogea pembeni ili Sajini Karugendo ajionee mwenyewe.

Ndani hamkuwa na karatasi hata moja. Mlikuwa na kifurushi cha jani kavu la mgomba, kikubwa kama ngumi mbili, kimefungwa vizuri kwa kamba. Karugendo alikifungua. Ndani mlikuwa na akamwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na maganda yake na kukaushwa, ile ambayo mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake.

"Hiyo achana nayo," Josia alisema. "Ni masurufu ya njiani tu. Nadhani mke wangu ndiye aliyeiweka."

Adventina, mkewe, alikuwa akiingia na chai. Alisema hakuweka. Halafu akasema labda mtu mwingine aliweka, siku ile watu walikuwa wengi, na nani awezaye kufuata mkono wa kila mtu. Karugendo alitia punje moja mdomoni, akatia kifurushi mfukoni, akatoa daftari.

Ilikuwa Jumatano, wiki ya pili ya Januari 1950. Ukungu wa ziwani ulikuwa umepanda hadi Kibeta na kuyameza mashina ya migomba ya Mwalimu, majani yakabaki juu yakielea kama hayana mwenyewe. Sebuleni, ukutani, ilining'inia ramani kubwa ya Afrika ambayo shule ilikuwa imeitupa, na juu yake ulipita mstari wa penseli. Ulianza Bukoba, ukavuka mto Kagera kwa pantoni ya Kyaka, ukaingia Uganda pale Mutukula. Masaka, Kampala, Gulu. Nimule ukaingia Sudani. Ukafuata Nili siku nyingi, Juba, Malakal, Khartoum, ukakata jangwa hadi Wadi Halfa, mpaka wa tatu, ukaishia Misri, karibu na mfereji, kwenye kiduara kidogo kilichochorwa kwa uangalifu mkubwa kuliko vitu vyote.

Ndani ya kiduara kile alilala Koplo Mushumbusi, kaka mkubwa wa Josia. Alikwenda vitani mwaka wa arobaini na homa ikamuua mwaka wa arobaini na nne, akazikwa makaburi ya askari, safu ya nne, kaburi la kumi na moja. Mama yao, Ma Kokwijuka wa Kishanda, kule Muleba, aliwaambia wanawe kwamba mtu wa nyumba ile haachwi kulala kwenye kilima cha wengine. Basi Josia na dereva mmoja wa Bilele, Saburi, aliyekuwa kikosi kimoja na marehemu, walipanga miaka miwili: waende kwa lori, wachote udongo wa kaburi, waulete Kishanda ukazikwe kibanjani, chini ya migomba ya baba zake.

"Jina lako lenyewe ni safari, Sajini," Adventina alisema alipomwona hatoi macho ukutani. "Lakini nasikia hata Kagera hujavuka."

Karugendo alikiri kwamba hajavuka. Akauliza nini kilichopotea.

Josia alijibu kama anayesoma ubaoni. Kibali cha kupita Sudani na Misri. Barua ya jeshi yenye namba ya kaburi. Vyeti vitatu vya chanjo ya homa ya manjano, cha kwake, cha Saburi, na cha mwanawe wa kwanza, Mutembei, ambaye angekwenda nao. Vyote vilikuwa ndani ya kopo Jumapili mchana, walipofanya karamu ya kuagana baada ya ibada. Watu walikula, wakazipokezana karatasi mkono kwa mkono kutazama mihuri, kopo likarudi kabatini. Jumanne asubuhi alilifungua, akakuta alichokikuta.

"Kibali kiko kwa jina la nani?"

"La familia," Josia alisema, na akainama kufunga kamba ya kiatu.

Karugendo aliandika. Aliona pia kwamba kamba ya kiatu haikuwa imefunguka, lakini hilo hakuliandika, alilihifadhi.

Mwalimu akaeleza kwa nini hawezi kungoja. Kibali kinakufa siku ya mwisho ya Februari. Kipya kitachukua miezi kumi na minne kama hiki. Na hata kama serikali zote zingekuwa na huruma, mvua za kusini ya Sudani hazina. Zikianza, barabara inakuwa kinamasi na lori linakuwa nyumba ya vyura. Mama yao alilazwa kitandani na ugonjwa mara mbili mwaka uliopita. Lori linaondoka Jumatatu au haliondoki akiwa hai.

"Unamshuku nani?"

Mwalimu alisita kidogo, kwa adabu, kisha akamtaja Saburi. Walikuwa wamegombana Jumapili ile ile, mbele ya watu, kuhusu nani akae kiti cha tatu.

*

Saburi alikuwa chini ya lori lake, Bedford la kijani, miguu tu ndiyo ilionekana. Uwanja wa nyumba yake pale Bilele ulijaa vitu vya safari: mapipa ya petroli, madebe ya maji, springi za akiba, mbao mbili ndefu za kutandika mchangani. Mkewe, Mwamvita, aliuza chakula barazani, na kwa sababu askari alikuwa ameingia, wateja wake watatu walikuwa wanakula polepole kuliko kawaida.

"Kama umekuja kunifunga," miguu ilisema, "ngoja nikaze nati hii."

Karugendo alingoja. Alipotoka, Saburi alifuta mikono, akasikiliza tuhuma hadi mwisho, akaingia kabini na kutoka na kipande cha mfuko wa saruji. Upande wa ndani ulikuwa na ramani yake mwenyewe. Hakuchora barabara hata moja. Alichora visima, miti, na nyumba za watu. Mwaka wa arobaini na tano alirudi na msafara wa malori ya jeshi kutoka Kairo hadi Juba, na kila walipolala alitia alama. Alimwonyesha Sajini kwa kidole chenye grisi. Hapa kuna mti mmoja tu kwa siku nzima, na kila dereva anayepita huusalimia. Hapa, kaskazini ya Malakal, kuna mzee mwenye mbwa kipofu. Mbwa ndiye anayejua pa kuvukia maji. Hapa mchanga huimba mchana, usisimame kuusikiliza, magurudumu yatazama.

Karugendo aligundua kwamba ameinama juu ya mfuko wa saruji na chai yake imepoa.

"Basi huhitaji ramani ya Mwalimu," alisema.

"Ramani sihitaji. Kibali nahitaji. Bila kibali huu ni mfuko wa saruji."

Hilo lilikuwa jibu zuri, na Karugendo hakupenda majibu mazuri yanayokuja haraka. Akapekua kabini, akapekua kisanduku cha vifaa, akanyanyua hata kiti. Kabini ilikuwa na nafasi tatu: dereva, katikati, na dirishani. Akauliza juu ya ugomvi.

Saburi alitaka kunyamaza, Mwamvita ndiye aliyesema. Alikuwa na sauti inayofika sokoni. Alieleza kwamba Mushumbusi, akifa kwa homa, alimshika Saburi mkono na kumwomba amlete mkewe, Kemilembe, aone alipolala. Saburi akaahidi. Na miaka yote miwili ya kupanga, Saburi alijua kiti cha tatu ni cha Kemilembe. Mwezi uliopita Mwalimu akasema hapana, mwanamke hakai ndani ya lori maili elfu tatu, atakwenda Mutembei, ndiye atakayebeba udongo.

"Na wewe ni Mhaya, Sajini, sihitaji kukutafsiria," Mwamvita alisema. "Atakayebeba udongo ndiye atakayesimama kaburini. Atakayesimama kaburini ndiye mrithi wa kibanja. Kemilembe ana binti mmoja, hana mtoto wa kiume. Udongo ukishafukiwa tu, watampa mkeka wake na kumwambia kwa baba yako ni kule."

Kwa hiyo kulikuwa na mtu ambaye safari hii, ikifika salama, ingemtoa nyumbani kwake. Karugendo aliliandika jina la Kemilembe, akapiga mstari chini yake. Akauliza kama alikuwapo Jumapili. Alikuwapo, pamoja na mama mkwe wake. Walikuja na basi, wakarudi na basi. Akauliza kama Kemilembe alipata kutumaini kwenda kweli, au ni maneno ya Saburi tu.

Mwamvita alicheka. Kabla ya Krismasi yeye mwenyewe alimpeleka hospitali kuchanjwa homa ya manjano. Mkono ulivimba kama ndizi. Cheti anacho hadi leo, amekifunga pembeni ya kanga.

Vyeti vinne, viti vitatu. Karugendo alitoa kifurushi mfukoni, akatia punje nyingine mdomoni. Alifikiri vizuri zaidi akitafuna. Mwamvita alinyoosha mkono bila kuomba, akachukua moja, akaitafuna, akatulia.

"Hii si ya sokoni. Hii wanaichemshia na majani yao, sikia harufu inavyokuja nyuma ya ulimi. Kemilembe hunileteaga. Umeipata wapi?"

Alimwambia. Ilikuwa ndani ya kopo, mahali pa karatasi.

"Na umeila?"

"Nimeila kidogo."

"Askari anakula ushahidi," Mwamvita aliwaambia wateja wake, nao wakaona sasa wanaweza kucheka. Kisha akageuka, uso umebadilika. "Lakini mwizi gani huyo anayeacha zawadi?"

Karugendo aliacha kutafuna. Alikuwa ametembea nusu siku na jibu mfukoni, akilipunguza punje kwa punje. Mwizi huchukua kopo zima akakimbia, au huacha kopo tupu. Huyu alitoa karatasi, akaweka kahawa, akafunika. Alifanya kama unavyofanya jirani akikuletea senene kwenye bakuli: bakuli hulirudishi tupu. Hakuna mtu anayemfikiria mwizi hivyo, na hakuna mwizi anayejifikiria hivyo. Yeyote aliyeutia mkono ndani ya kopo lile hakuhesabu kwamba anaiba. Alihesabu kwamba anarudisha chombo.

*

Alhamisi walikwenda Kishanda kwa Bedford lenyewe, kwa sababu Saburi alitaka kulijaribu na kwa sababu Karugendo alimtaka Mwalimu awepo azitambue karatasi zake zikionekana. Josia alikaa dirishani, kopo tupu mapajani. Saburi alishika usukani. Karugendo alikaa kiti cha katikati, magoti upande mmoja ili yasizuie gia, na hao wawili hawakusemezana, ila kwa kupitia kwake.

Pale Kemondo ziwa lilikuwa halina mwisho. Ukungu ulikuwa umeyagusa maji na kuyafuta, na visiwa vilikuwa juu kidogo ya mahali vinapokaa siku zote. Baada ya Muhutwe barabara ilipanda kwenye rweya, nyasi tupu pande zote, dhahabu na kijivu, upepo ukizilaza na kuzinyanyua. Injini iliimba sauti moja. Karugendo alikaza macho mbele. Kwa muda mrefu hakuwa na hakika kama kilima kile kinachofuata ni cha Muleba. Kingeweza kuwa cha Gulu. Nyuma yake ungeweza kuwepo mti mmoja peke yake, na wangeusalimia. Alielewa jinsi mtu anavyoweza kugombania kiti hiki bila kuwaza kibanja cha mtu.

"Mwambie Mwalimu asiegemee mlango," Saburi alisema. "Komeo lake bovu."

"Mwambie dereva nimesikia," Josia alisema.

Kishanda waliliacha lori njiani na kuingia kibanjani kwa miguu. Baridi ya migomba iliwapokea. Nyumba ya Ma Kokwijuka ilikuwa mushonge wa zamani, duara, nyasi kuanzia kileleni hadi chini, na mbele yake mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu alikuwa akigeuza kahawa juu ya jamvi. Alimwona askari. Aliiweka chini kahawa aliyoishika, akapiga magoti kuwasalimu, na mkono wake mmoja ukaenda kwenye pindo la kanga ukakaa hapo.

"Bi Kemilembe," Karugendo alisema, "fungua hilo fundo."

Alilifungua. Kilikuwa cheti cha chanjo, kimekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kukatika. Hakuwa na kingine. Aliulizwa kuhusu kahawa. Ni yake, alisema, aliichemsha yeye, kila anayemjua anaijua. Aliulizwa kuhusu kopo. Alilishika Jumapili kama wengine, akatazama muhuri, akampa aliyefuata. Kusoma hajui. Aliulizwa kama alitaka safari ife. Hapo alinyanyua macho kwa mara ya kwanza.

"Nilichanjwa, Sajini. Mtu anayetaka safari ife anachanjwa?"

Josia alisema kwamba mtu aliyekatazwa kwenda anaweza kuwakataza wenzake. Ilikuwa hoja ya kweli, na Karugendo alikuwa nayo tangu Bilele. Alisema wataingia ndani wapekue.

Ndani nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni na moshi ulisimama katikati ya nyumba, umepata mwanga wa mlangoni. Ma Kokwijuka alikuwa ameketi nyuma ya moshi huo, mdogo sana, shuka mabegani. Aliwaamkia wote mmoja mmoja kwa Kihaya. Alimwita Saburi mwana wange. Josia yeye aliitwa Mwalimu. Karugendo aliulizwa ukoo wake, na babu yake alizikwa wapi, bibi akaridhika, kisha akasema wageni hawajapewa kahawa.

Kemilembe akainuka. Karugendo alikuwa anatazama mikono tu, ndiyo kazi yake. Kahawa ilikuwa imejaa jamvi zima pale nje, kazi ya mikono ya mwanamke huyu. Lakini hakutoka kuichukua, wala hakuigusa iliyoning'inia ukutani. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe na kuomba. Na mama mkwe ndiye aliyeingiza mkono ndani ya kikapu kidogo kilicho ubavuni pake, akatoa kifurushi cha jani kavu la mgomba, kikubwa kama ngumi mbili, akakifungua.

"Siku zote ni wewe unayetoa, Ma?"

"Yeye anapika," bibi alisema. "Katika nyumba hii kahawa hutolewa na mwenye nyumba. Nikifa atatoa yeye, kama atakuwapo."

Karugendo aliichukua punje yake kwa mikono miwili. Kisha akalichukua kopo kutoka mapajani mwa Josia, akaliweka juu ya nyasi mbele ya bibi, farasi wawili wakitazama juu.

"Waitu, Ma," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Nimeleta kopo."

Ma Kokwijuka alilitazama bila haraka.

"Si langu," alisema. "Nilimrudishia mwenyewe. Na sikulirudisha tupu."

Josia alisimama. Alisema neno moja tu, Ma. Kemilembe alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Bibi aliwaonyesha kwa kidevu, kwenye kichanja, lilipokuwa furushi la lubugo jipya jekundu, gome lililopondwa mwaka jana kwa ajili ya kuvikia udongo wa mwanawe. Saburi alilishusha. Karatasi zilikuwa katikati, zimelala sawasawa.

Karugendo aliuliza kwa nini. Yeye ndiye aliyeitaka safari hii.

Bibi alianza mbali, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mwaka ule barua ya jeshi ilipokuja, alisema, barua zote zilikuwa zikiletwa kanisani, na baada ya ibada mwinjilisti alisimama mlangoni akiita majina. Siku ile aliita Kemilembe. Yeye alikuwa amesimama chini ya ngazi, alisikia kwa masikio yake. Kemilembe alikuwa nyuma, amemshika binti yake mkono. Aliyekwenda kuipokea ni Josia, kwa sababu yeye ndiye anayejua kusoma. Alisoma, akalia, wote wakalia. Barua akaitia mfukoni. Tangu siku ile haikutoka tena mfukoni mwake.

"Nilingoja ampe. Miaka mitano. Jumapili nikaona anatoa karatasi zile watu wazishike, halafu anasema Mutembei ndiye atakayebeba udongo. Nikasema moyoni, basi. Nikachukua cha mkamwana wangu. Mkono unaomzika mwenye kibanja hautolewi kibanjani, hiyo ni sheria ya ukoo huu, hata Mwalimu anaijua. Kama si mkono wa Kemilembe, mwanangu na akae huko huko mchangani. Mimi nitamfuata njia nyingine."

Josia alimwambia Sajini, kwa Kiingereza, kwamba mama yake ni mzee na akili inachoka. Karugendo alikuwa amefunua barua. Bahasha iliandikwa Kemilembe, mke wa Koplo Mushumbusi. Akafunua kibali, akaenda nacho mlangoni penye mwanga, akakisoma mara mbili, kisha akakisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, polepole.

"Mwenye kibali: Kemilembe, mjane wa Koplo Mushumbusi. Anaruhusiwa kupita Sudani na Misri kuzuru kaburi la mumewe. Pamoja na wasaidizi wawili."

Moto ulitoa sauti ndogo.

"Msaidizi mmoja ni mimi," Saburi alisema.

"Uliomba kwa jina lake," Karugendo alimwambia Josia, "kwa sababu wasingempa mwingine. Ukamtia Mutembei mahali pake. Mipakani ungefanyaje?"

"Ningewaeleza. Kwamba ni mgonjwa. Kiingereza changu kinatosha."

"Mutukula hawaulizi. Nimule ungeeleza. Wangekurudisha pale pale. Halafu ungemletea mama yako nini, udongo wa Nimule?"

Mwalimu alikuwa mtu aliyezoea kuwasahihisha wengine kwa miaka kumi na tano. Alitazama nyasi za sakafuni. Alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, kwamba Mutembei ni mtoto mzuri na kibanja hiki kinahitaji mwanamume. Kwamba asingemfukuza shemeji yake. Kwamba hakuwahi kusema atamfukuza.

"Hukusema pia kwamba hutamfukuza," Ma Kokwijuka alisema.

Karugendo alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akachonga penseli kwa kisu kidogo, na vijipande vikaanguka nyasini. Alieleza utaratibu. Mwalimu aliripoti wizi, na taarifa lazima ifungwe. Yeye Sajini anaweza kuandika kwamba karatasi zimeonekana mikononi mwa mwenyewe, hakuna kosa, hakuna mshtakiwa. Au anaweza kuandika kwa ukamilifu zaidi: karatasi ni za nani, zilifika lini, na tangu siku hiyo alikuwa nazo nani. Ukurasa una nafasi ya kutosha kwa zote mbili.

"Sijaandika bado," alisema. "Na lori linaondoka Jumatatu."

Josia alivua kofia. Alikuwa ameingia nayo ndani na hakuna aliyemkemea. Aliizungusha mikononi, akawaza, na hata Karugendo hakujua angesema nini, maana mtu anaweza kuchagua aibu kuliko kushindwa.

"Shemeji," alisema mwishowe. "Jumatatu ni saa moja asubuhi. Saburi hangoji mtu."

Kemilembe alimgeukia Saburi na kumwomba amwonyeshe njia.

Saburi akaukunjua mfuko wa saruji juu ya nyasi. Visima, miti, nyumba ya mzee mwenye mbwa. Kemilembe alitambaa hadi ukingoni mwa karatasi, akatafuta, akatafuta tena.

"Kishanda iko wapi?"

Haikuwapo. Ramani ilianzia Kairo na kuishia Juba, kwa sababu ndivyo alivyosafiri aliyeichora. Karugendo alimpa penseli. Kemilembe alikuwa hajashika penseli maishani, aliishika kama mwiko, lakini alitia doa chini kabisa kwenye kona, kubwa, jeusi, akalikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Kisha akaweka kidole juu ya doa na kukipeleka juu, taratibu, bila mstari wa kumwongoza, kuvuka sehemu tupu, hadi kwenye kisima cha kwanza.

Ma Kokwijuka alizirudisha karatasi ndani ya kopo, akaongeza kifurushi cha kahawa, akafunika, akampa mkamwana wake. Kemilembe alilibeba mwenyewe hadi lorini ili asilisahau Jumatatu, akaliweka kwenye kiti cha katikati.

Walipokuwa tayari kuondoka, Saburi alimshikia Sajini mlango wa kabini.

"Hicho kina mwenyewe," Karugendo alisema, akapanda nyuma, kwenye mapipa.

Rweya ilikuwa imekauka kwa jua, na upepo ulikuwa mwingi. Katikati ya safari alitoa daftari akaandika mstari mmoja, mwandiko ukirukaruka kwa mashimo ya barabara: hakuna wizi, karatasi ziko kwa mwenyewe. Akaingiza mkono mfukoni. Ilikuwa imebaki punje moja ya ushahidi, akaitafuna, uso ameuelekeza kaskazini.